Nilitibu Usingizi, Ugonjwa Ulikuwa Miguuni: Kisa cha Mama Muuza Sambaza wa Bukavu

"Docta, mimi silalaka tena."

Alisema hivyo kabla hata ya kuketi. Nami nikaandika kwenye faili neno moja, lile la Kifaransa tulilofundishwa shuleni, insomnie, yaani kukosa usingizi, nikalipigia mstari chini. Makosa yote yaliyofuata yalianzia kwenye mstari ule, na ni yangu. Hakuna muuguzi wala mfamasia wa kumsukumia.

Ana miaka 41. Amezaa mara saba, watoto sita wako hai. Anakaa Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, na huuza sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo mtu wa Bukavu hawezi kuwaza mji wake bila wao. Mume anachimba dhahabu upande wa Kamituga, hurudi mara mbili au tatu kwa mwaka. Nyumbani mama huyu anaishi na watoto na mama mkwe. Ameniruhusu kukieleza kisa chake. Mambo madogo nimeyageuza ili jirani asimtambue.

Alikuja kwangu miezi michache baada ya waasi wa M23 kuingia mjini katikati ya Februari 2025, wiki chache tu baada ya kuingia Goma. Aliyekuwapo Bukavu miezi ile anaijua hali yenyewe: milio ya risasi usiku, benki zimefungwa, mtu anasikia mlango wa jirani unagongwa saa nane naye anabana pumzi kitandani. Hakuna siku ya zamu niliyokosa watu watatu au wanne wanaolalamikia usingizi. Kwa hiyo nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimeshalijibu kichwani: "Mama, ni tangu vita?"

Akasema ndiyo.

Baadaye sana, tulipokuwa tumeshazoeana, alinicheka. "Uliniuliza kama ni tangu vita. Nani alilala siku zile? Ningesema hapana?" Ukweli ni kwamba shida yake ilikuwa imeanza karibu mwaka mzima kabla ya risasi ya kwanza. Hakunificha. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango mmoja tu, naye akapita humo kwa adabu.

Kabla ya kufika kwangu alikuwa amepitia duka la dawa mtaani. Huko walimpa promethazini, dawa ya mzio ambayo hapa kwetu huuzwa kama dawa ya usingizi, na watoto wenye mafua hunyweshwa ili nyumba ipate kimya. Alisema ilimfanya kichwa kiwe kizito, lakini kulala hakulala. Hapo palikuwa na dalili nene ya kunishtua, sikuiona. Nilifurahi tu kwamba hakupewa diazepamu, ile Valium. Nikamwandikia amitriptilini, kidonge kimoja cha 25 mg saa moja kabla ya kulala, siku 21.

Nieleze kwa nini niliichagua, maana waganga wengi wa kwetu, yaani madaktari, wangefanya vilevile na si kwa uzembe. Amitriptilini ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, imeruhusiwa Marekani tangu 1961. Kwa sonona yenyewe hutolewa kwa kipimo kikubwa, 75 mg na kuendelea. Lakini iliwasinzisha watu, na waganga wakagundua kwamba kipimo kidogo, 10 au 25 mg, kinatosha kwa usingizi. Katika kipimo hicho haifanyi kazi ya dawa ya sonona hasa. Inaziba vipokezi vya histamini kwenye ubongo, na histamini ndiyo mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho. Kwa lugha ya mtaani, unampa mtu dawa ya mzio iliyovaa koti la dawa ya sonona. Ni ya bei nafuu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na imo kwenye mwongozo wa shirika hilo wa afya ya akili kwa vituo visivyo na mtaalamu, pamoja na fluoksetini. Haileti ule utumwa wa diazepamu, ambapo mtu baada ya miezi miwili hawezi tena kulala bila kidonge. Na mwongozo huohuo unasema wazi kwamba mtu aliyepatwa na tukio la kutisha asipewe dawa za jamii ya diazepamu kwa ajili ya usingizi katika mwezi wa kwanza. Kwa hiyo mganga asiyetaka kutoa Valium, na asiyetaka kumrudisha mgonjwa mikono mitupu, mkono unamwendea kwenye kopo la amitriptilini.

Ila mazoea yametangulia mbali mbele ya ushahidi. Mwaka 2018 Cochrane, shirika linalokusanya na kupima majaribio ya tiba, walitoa mapitio ya majaribio kuhusu dawa za sonona kwa watu wazima wasiolala: majaribio 23, washiriki 2,806. Doksepini kwa kipimo kidogo na trazodoni zilionyesha manufaa madogo kwa muda mfupi, na ubora wa ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Kuhusu amitriptilini hawakupata hata jaribio moja la kuweka mezani. Dawa inayoandikwa kila usiku duniani kote! Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi, katika mwongozo wake wa 2017, kilishauri trazodoni isitumike kwa kukosa usingizi, kikaacha nafasi ndogo kwa doksepini kwa wale wanaoamkaamka. Chama cha waganga wa magonjwa ya ndani cha huko kilikuwa kimeshasema mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza ya usingizi uliokosekana kwa muda mrefu ni mazungumzo na mazoea: kumfundisha mgonjwa kupunguza saa za kukaa kitandani bure, kuamka saa ileile kila siku, kuondoka kitandani usingizi usipokuja. Nilivijua vyote hivi. Nilikuwa pia na watu ishirini na kitu kwenye benchi, na mazungumzo hayo yanataka dakika arobaini.

Alirudi baada ya wiki tatu. Usiku minne wa mwanzo, alisema, alilala kama jiwe. Halafu ikageuka. Sasa mdomo ulikuwa mkavu, choo kigumu, asubuhi kichwa kama kimefungwa kitambaa, na usiku ulikuwa mbaya kuliko zamani. Nikasikia "alilala usiku minne" nikaacha kusikia yaliyobaki. Nikasema moyoni: dawa inafaa, kipimo ni kidogo. Nikapandisha hadi 50 mg, vidonge viwili, nikaandika vidonge 60 vya mwezi mzima.

Siku kumi baadaye alikuja na mama mkwe.

Mama mkwe hakuja kusindikiza. Alikuja kushtaki. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mgonjwa akabaki amesimama, na hilo pia sikuliona mara moja. "Docta, uniambie ukweli. Muke wa mutoto wangu anatembea usiku uani. Anazunguka, anazunguka, saa sita, saa nane. Hana viatu. Na mwezi ukiwa mkubwa ndiyo anazidi." Akanyamaza kidogo. "Majirani wameshaona."

Neno lenyewe hakulitamka. Hapa kwetu si lazima. Mwanamke anayezunguka uani peke yake usiku wa mbalamwezi, pekupeku, katika mji uliojaa hofu, jina lake liko tayari midomoni mwa watu: mulozi, yaani mchawi. Tayari walikuwa wamempeleka kwenye chumba cha maombi siku tatu, kwa kufunga. Mtoto wa mwisho alikuwa ameondolewa kitandani mwake akalale kwa bibi, kwa sababu alisema mama anampiga mateke.

Nilimwomba mama mkwe atoke kidogo. Hakutaka. Nikamwomba tena kwa heshima zote, nikamwitia chai, akatoka.

"Mama," nikasema, "kwa nini unatembea?"

"Kwa sababu nikitembea inatulia."

"Nini inatulia?"

Akanitazama kama mtu aliyekwisha kusema jambo mara kumi. "Miguu, docta. Miguu ndiyo hainiache nilale. Iko sawa vile vidudu vinatembea ndani ya mfupa. Si maumivu. Inataka nisimame."

Mtu akikuambia hivyo umeshapata robo tatu ya utambuzi, na hakuna mashine inayohitajika. Yako mambo manne ya kuuliza, na nilimuuliza. Je, kuna hamu kali ya kuichezesha miguu, pamoja na hisia mbaya ndani yake? Ipo. Je, huja au kuzidi ukiwa umepumzika, umekaa au umelala? Ndiyo, hata kanisani anakaa mstari wa nyuma ili apate kusimama. Je, ukitembea au kunyoosha hupungua? Ndiyo, ila akirudi kitandani huanza tena. Je, jioni na usiku ndiyo mbaya kuliko mchana? Asubuhi haipo kabisa. Ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Thomas Willis aliueleza huko Uingereza mwaka 1672, akaandika kwamba wenye shida hiyo hawapati usingizi, kama mtu aliye kwenye mateso makali, na Msweden Karl-Axel Ekbom akaupa jina mwaka 1945. Yale mateke ya usiku ni ndugu yake: wengi wenye ugonjwa huu miguu huruka yenyewe usingizini kila baada ya sekunde kadhaa, na wenyewe hawana habari.

Nilibaki na mbalamwezi. Ilinisumbua, maana sikuwa na maelezo, na jambo lisilo na maelezo ndilo linalowapa watu uhuru wa kulijaza. Ni yeye aliyenifungulia bila kujua, tulipokuwa tunazungumza kazi. Wavuvi wa sambaza huvua usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa haivuti kitu, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Siku za kazi mama huyu yuko wima tangu alfajiri anaponunua mzigo, na jioni bado yuko wima anachambua, anaanika, anakaanga wa kesho. Analala saa tano akiwa hoi. Wiki ya mbalamwezi hakuna samaki. Anakaa. Saa mbili usiku yuko kitandani, miguu imepumzika, na ugonjwa huu ndivyo unavyotaka. Mwezi haukuwa na hatia yoyote, na yeye pia.

Hapo ndipo nilipoelewa kile nilichomfanyia kwa kalamu yangu. Promethazini inajulikana kuchochea miguu hii, kama zilivyo dawa nyingine za mzio zinazosinzisha, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Dawa nyingi za sonona pia. Utafiti mmoja wa Ujerumani wa 2008 uliwafuata wagonjwa 271 walioanzishiwa dawa za sonona za kizazi kipya: 24 kati yao, yaani asilimia 9, walipata miguu hii upya au ikawazidi, na kwa mirtazapini peke yake, ambayo wengi huipenda kwa usingizi, ilikuwa asilimia 28. Amitriptilini haikuwa kwenye utafiti ule. Kwa dawa za jamii yake ushahidi ni wa visa vya mtu mmojammoja kama hiki. Siwezi kuapa kwamba ni 50 mg zangu zilizompandisha. Naweza kusema kwamba alisinzishwa ubongo huku miguu ikiachwa macho, na mtu aliyelewa usingizi anayelazimika kutembea gizani bila viatu ni mtu anayeanguka. Magoti yake yalikuwa na makovu mawili mapya. Nilikuwa nimeyaona nikadhani ni ya soko.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupotea, na jirani mmoja alikuwa ameshaifungua. Bukavu ni mji wa kinini, yaani kwinini, dawa ya malaria. Mashamba ya mti wake yako milimani kwetu na dawa imetengenezwa hapa miaka mingi, basi gamba lake halikosekani kwenye nyumba za watu. Jirani alimchemshia gamba hilo "kwa sababu kinini kinafungua mishipa ya miguu." Kisa cha jirani si upuuzi mtupu, kwinini iliwahi kutumika sana duniani kwa misuli inayokaza usiku, mpaka madhara yake kwenye damu na moyo yakawafanya baadhi ya wakubwa wa dawa waikataze kwa shida hiyo. Ila misuli kukaza ni jambo jingine. Hapo mguu unakamatwa ghafla, unauma, unashika fundo gumu, unanyoosha kidole linaachia. Mama huyu hakuwa na fundo wala maumivu. Alikunywa siku mbili, masikio yakalia, akaacha. Afadhali.

Sasa chanzo. Ugonjwa huu kwa wengine hurithiwa, na kwa wengine huja na mimba, figo mbovu, au upungufu wa madini ya chuma. Ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na chuma kikipungua humo, usiku ndipo pengo linapoonekana zaidi. Nikauliza maswali niliyopaswa kuuliza siku ya kwanza. Hedhi? Nzito, siku saba au nane, tangu alipowekewa kitanzi miaka miwili iliyopita. Kitanzi cha shaba ni njia nzuri ya uzazi wa mpango, lakini hiyo ndiyo tabia yake kwa baadhi ya wanawake. Udongo? Akaona haya kidogo. Ndiyo, hula pemba, ule udongo mweupe wa sokoni, vipande viwili au vitatu kwa siku. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni chuma kinacholia. Chakula? Bugali, sombe, lengalenga, maharage, chai ya rangi asubuhi na mchana. Samaki? "Samaki ni wa kuuza, docta."

Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilitoka 12.1. Mtu wa maabara aliandika "kawaida" kwa mwandiko mzuri. Ni kawaida kweli kwa mwanamke asiye mjamzito, kama anakaa pwani, kwani mpaka ni 12. Bukavu iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na mwili wa mtu anayekaa juu hutengeneza damu zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka mpaka huo upandishwe kwa wakaaji wa sehemu kama zetu. Kwa hiyo 12.1 ya Kadutu si 12.1 ya Mombasa. Na hata damu ingekuwa ya kutosha, ghala la chuma laweza kuwa tupu kabla damu haijaonyesha. Ghala hupimwa kwa feritini. Kipimo hicho hakipo kituoni kwetu, kinalipiwa, na pesa taslimu ilikuwa ngumu. Mama mkwe ndiye aliyelipa, na hilo nalitaja kwa makusudi. Jibu: mikrogramu 11 kwa lita. Chini ya 15 ni upungufu kwa mtu yeyote mzima. Kwa mwenye miguu isiyotulia waganga wa ugonjwa huu huanza kutoa chuma hata ikiwa 75 au chini yake. Sukari na figo zilikuwa sawa. Kinyesi kilikuwa na minyoo kidogo, akapewa dawa yake.

Kabla ya yote nilizungumza na mama mkwe, naye mkwewe akiwapo na amekaa kwenye kiti. Nilichora mguu kwenye karatasi. Sikutumia neno la uchawi hata kulikanusha. Ukilikanusha umelileta chumbani. Nilisema tu kwamba ni ugonjwa wenye jina, unaojulikana zaidi ya miaka mia tatu, unawapata wanawake kuliko wanaume, waliozaa mara nyingi ndio zaidi, na anayetembea usiku anajitibu mwenyewe kwa dawa pekee aliyonayo. Mama mkwe alisikiliza. Mwishowe akasema, "Basi si muchawi, ni damu." Nikamwomba awaambie majirani sentensi hiyohiyo. Aliwaambia.

Amitriptilini sikuikata siku moja. Ukiiacha ghafla baada ya wiki kadhaa unaweza kupata usingizi mbaya zaidi, kichefuchefu na fadhaa, mgonjwa akaamini kwamba dawa ndiyo iliyokuwa inamshikilia. Tulirudi 25 mg kwa siku saba, kisha tukaacha. Promethazini ilitupwa siku ileile. Chuma nilimpa vidonge vilevile wanavyopewa wajawazito, 60 mg za chuma na asidi foliki, kimoja siku baada ya siku, tumbo likiwa tupu, pamoja na juisi ya marakuja au ndimu. Siku baada ya siku si ubahili: mwili ukipata chuma leo hujifunga kidogo kesho, na mapumziko hayo hufanya ufyonze vizuri zaidi na tumbo lisilalamike. Chai iliachwa mbali na kidonge na chakula, kwa saa moja au mbili, kwa kuwa hukishika chuma kisiingie. Tulikubaliana pia kwamba sambaza kiganja kimoja kila siku ni wa nyumbani. Kitanzi alikiondoa kwa hiari yake, akachukua kipandikizi cha mkononi. Jioni za mbalamwezi: asikimbilie kitanda saa mbili, atembee mchana, asugue miguu kwa maji ya moto, alale saa ileile ya siku za kazi.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, na nilikuwa nimemwambia zitakuwa ngumu. Chuma ni mkokoteni, si pikipiki. Wiki ya tano alilala usiku mitatu mfululizo bila kusimama. Wiki ya nane mtoto wa mwisho alirudi kitandani. Baada ya miezi mitatu feritini ilikuwa 48, hamu ya udongo imekwisha, miguu inamjia labda mara moja kwa wiki. Tunaendelea na chuma mpaka tupite 75.

Isidhaniwe kwamba sasa analala kama mtoto. Saa tisa usiku bado anaamka, safari hii kwa sababu ya milio na mawazo ya mume aliye mbali, na saa kumi soko linamwita. Hiyo sasa ndiyo ile insomnie niliyoiandika siku ya kwanza, imebaki peke yake mezani, ndogo na inayoonekana. Tunaishughulikia kwa yale mazungumzo ya dakika arobaini, tukiyakatakata vipande vya kumi kumi kila akija kuchukua vidonge.

Na sijaacha kuandika dawa za sonona kwa wasiolala. Mwezi uleule nilikuwa na mjane mmoja wa Bagira aliyekuwa anaamka saa tisa kila usiku, hali, hacheki, anasema afadhali angekwenda yeye. Huyo usingizi wake ulikuwa tawi la sonona, na ukitibu mti tawi hupona. Alipewa amitriptilini kwa kipimo kamili, polepole, akafuatiliwa, na baadaye wenzetu wa SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili hapa Bukavu, wakamchukua. Fluoksetini ingefaa pia, ila yake hunywewa asubuhi, maana kwa wengine inafukuza usingizi. Ipo hata hali ambapo dawa hizi ni tiba ya usingizi wenyewe, kama wale wenye narkolepsi, ugonjwa wa kusinzia mchana bila kutaka, wanaoanguka misuli ikilegea ghafla wakicheka, ambao klomipramini huwasaidia. Kwa hiyo ugomvi wangu si na kopo. Mjane na muuza sambaza walisema sentensi ileile walipoingia, "silalaka", na Kiswahili chetu kwa neno hilo hakitofautishi anayetazama dari, anayeshtuka kwa ndoto, anayekoroma hadi pumzi inakatika, na anayezungushwa uani na miguu yake. Kazi ya kutofautisha ni ya anayeuliza.

Kimebaki kituko cha vidonge. Nilipomwondolea amitriptilini nilimwambia anirudishie zilizobaki, maana nyumba ina watoto, na dawa hii ikimezwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo. Vidonge vichache tu vyaweza kumuua mtoto mdogo. Alivileta vikiwa vimefungwa kwenye karatasi. Nikahesabu. Kati ya 60, siku kumi za viwili viwili na siku saba za kimoja ni 27. Vilipaswa kubaki 33. Kwenye karatasi vilikuwa 19.

Nilimtazama. Akamtazama mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando na fimbo yake.

"Zile zinanisaidia mugongo," akasema mama mkwe, bila haya. "Na ninalala."

Ana miaka sabini na kitu. Kwa umri wake dawa hii imo kwenye orodha za zile za kuepukwa: inakausha mdomo, inazuia mkojo, inachanganya akili, inaangusha. Nikamuuliza kama amewahi kuanguka mwezi huu. Mara mbili, akasema, lakini ni giza tu, umeme ulikuwa umekatika. Nikachukua faili jipya. Nilipofika kwenye mstari wa ugonjwa kalamu ilitaka kwenda yenyewe, nikaiweka chini.

"Mama, tuanze na usiku wenyewe. Unalala saa ngapi, na ni kitu gani kinakuamsha?"